Alhamisi ya Kumwamsha Yusta

Jumatatu ile Ezekia Lulandala alifika Bwenini akiwa amebeba sanduku la nguo za mke wake. Ndani alikuwa amepanga magauni mawili aliyoyapiga pasi, sweta ya kijivu, kitenge, na viatu vya ngozi ambavyo amekuwa akivipaka mafuta kila mwaka visikakamae. Mlinzi wa getini, aliyemzoea, alimuuliza kama amekuja kumwona mama kama kawaida. Ezekia alimjibu kwamba safari hii amekuja kumchukua.

Bwenini lilikuwa jina la mitaani tu. Kwenye kibao paliandikwa Kituo cha Usingizi Mrefu, lakini Njombe nzima hakuna aliyepaita hivyo. Walipajenga juu ya kilima, mahali ambapo hata Januari mtu hatoki bila koti, na humo walilazwa watu ambao ugonjwa wao ulikuwa haujapatiwa dawa. Damu yao ilipoozwa taratibu, moyo ukashushwa hadi mapigo mawili kwa dakika, na mwaka mzima wa huku nje ukawa kwao kama mwezi mmoja, huku ugonjwa wenyewe ukisimama kabisa. Yusta alilazwa akiwa na miaka thelathini na minane. Mapafu yake yalikuwa yameanza kukauka, na madaktari walisema kwamba akibaki macho atakuwa na mwaka mmoja na nusu, si zaidi. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili. Ezekia alikuwa na miaka sitini na mitatu, na mke wake, ukimtazama kupitia kioo, alikuwa bado hajatimiza arobaini na moja.

Kila aliyelala alikuwa na mwamuzi wake, ndugu mmoja mwenye haki ya kuagiza aamshwe. Mtu aliamshwa mara moja tu, kwa sababu moyo usingestahimili kulazwa tena. Ezekia ndiye aliyekuwa mwamuzi wa Yusta, na wiki mbili nyuma alikuwa ameandika barua ya kuomba aamshwe, ingawa dawa ya mapafu ilikuwa bado. Kituo kilikubali. Walimpangia Alhamisi. Kilichobaki ni kusomewa makadirio na kutia sahihi, kama sheria ilivyotaka.

Mkadiriaji, mpiga hesabu za uhai wa waliolala na ndugu zao, alikuwa Winfrida Chengula, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye tabia ya kuongea huku akitazama viganja vyake. Alimwamkia, akamwekea kiti karibu na jiko la umeme, akamuuliza kwa nini ameamua sasa. Swali hilo halikuwamo kwenye fomu. Baadaye alisema aliliuliza kwa sababu ya lile sanduku, jinsi mzee alivyoliweka mapajani badala ya sakafuni.

Ezekia alimwambia amebakiza miaka saba.

Winfrida alitaka kujua ni nani aliyemwambia hivyo. Mzee akatoa kwenye mfuko wa koti karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mhuri wa kituo hicho hicho. Alipewa siku Yusta alipolazwa. Ilisema kwamba mwanamume mwenye miaka arobaini na mmoja anatarajiwa kuishi miaka mingine ishirini na tisa. Ezekia alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, mtu wa kuamini namba zilizoandikwa, na kila alipotimiza mwaka alitoa moja. Sasa zilibaki saba. Katika hizo, alisema, labda tatu atakuwa bado na nguvu za kumshika mtu mkono na kumtembeza. Alitaka kumpa Yusta hizo tatu, au kiasi chochote ambacho Yusta angeweza kukitumia.

Halafu kulikuwa na karatasi ya pili. Hiyo ilisema kwamba kati ya watu mia wanaolazwa, hamsini hawafiki mwaka wa kumi. Ezekia alikuwa ameendeleza hesabu mwenyewe: nusu kwa miaka kumi, basi robo kwa ishirini, na kila mwaka unaoongezeka bahati ya mke wake inazidi kulika. Alikuwa akija kila miezi mitatu na kila mara alijiandaa kukuta kitanda kitupu.

Fomu ilikuwa mezani, imejazwa, na kazi ya Winfrida ingemalizika kwa dakika tano. Wengi hawakuuliza kitu. Walisomewa, wakasaini, wakaenda kuandaa chumba. Mzee huyu alikuwa amepiga pasi magauni. Kumwambia ukweli ilikuwa ni kumvuruga, na kutomwambia ilikuwa ni kumwacha asaini jambo lisilorudi nyuma kwa sababu ya kosa la kutoa.

"Mzee Lulandala," alisema, "hizo saba sizo."

Alimweleza polepole. Ile karatasi ilikuwa ya wanaume wote waliokuwa na miaka arobaini na mmoja mwaka ule. Ndani yake walikuwemo waliokufa wakiwa na arobaini na nne, waliokufa na hamsini, waliokufa na hamsini na tisa. Wote hao waliuvuta wastani chini, ndiyo maana ukasimama kwenye sabini. Lakini siku ile hakuna aliyejua Ezekia ni wa kundi gani. Leo inajulikana kwamba si wa wale. Amewapita. Basi huwezi tena kumhesabu pamoja nao. Unamhesabu pamoja na waliofika sitini na tatu kama yeye, na hao, kwa wastani, wana miaka kumi na sita mbele yao.

Ezekia alirudia kumi na sita kwa sauti ndogo. Kisha akauliza swali la mpima ardhi: kama kila mwaka anaoishi mwisho unasogezwa mbele, atafikaje mwisho?

"Unasogea, ila wewe unatembea haraka kuliko unavyosogea," Winfrida alisema. "Wewe unakwenda mwaka mzima, wenyewe unasogea miezi mitano au sita. Mtakutana tu."

*

Kuhusu Yusta, Winfrida hakutaka kumweleza kwa maneno. Alimvalisha koti zito la kituo, wakateremka pamoja hadi ukumbi wa kwanza, mahali walipolazwa watu mia wa mwanzo. Vitanda vilipangwa safu kumi, kila kimoja ndani ya kioo chake, na vilivyobaki vitupu havikuondolewa. Viliwekwa tu kibao chenye tarehe ya kifo na mwaka wa usingizi.

Winfrida alimwomba asome tarehe. Ezekia, ambaye miaka yote alikwenda moja kwa moja hadi kioo cha Yusta bila kuvitazama vibao, alipita akisoma, goti lake la kushoto likimuuma kwa baridi. Kitanda kitupu, mwaka wa kwanza. Kingine, mwaka wa kwanza. Safu nzima ilikuwa karibu yote ya mwaka wa kwanza. Alipofika mwisho wa ukumbi alikuwa amehesabu thelathini na vinne vya mwaka ule mmoja, vya watu ambao miili yao ilikataa baridi. Vya mwaka wa pili vilikuwa tisa. Kati ya mwaka wa tatu na wa tano, sita. Baada ya hapo ilimbidi atafute. Katika miaka kumi na saba iliyofuata, kwenye ukumbi wote, aliona vibao vitatu tu.

Arobaini na wanane walikuwa bado wamelala. Nusu walikuwa wamekwenda, kama karatasi ilivyosema, lakini karibu wote walikwenda mwanzoni, miaka ile ambayo yeye alikuwa bado ana matumaini. Miaka aliyokuwa akiogopa zaidi ndiyo iliyokuwa salama zaidi.

Alisimama mbele ya kioo cha Yusta. Nywele za mke wake zilikuwa fupi kama siku alipolazwa. Winfrida aliongea nyuma yake, akasema kwamba aliyevuka mwaka wa tano anaweza kukaa hapo miaka hamsini, na kwamba hatari yake kwa mwaka ni ndogo kuliko ya mzee mwenyewe kuvuka barabara kuu.

"Na dawa?" Ezekia aliuliza.

Kulikuwa na watafiti wa mapafu waliokuwa wanakaribia, lakini kukaribia kwao kulikuwa kumechukua miaka tisa tayari. Winfrida alikuwa ameziunganisha hesabu hizo tatu: uhai wa Ezekia, usingizi wa Yusta, na dawa. Uwezekano wa dawa kupatikana Ezekia akiwa bado hai ulikuwa mara tatu katika kumi. Akimwamsha Alhamisi, mwaka mmoja na nusu ulikuwa wa uhakika, au karibu na uhakika.

Ezekia alimuuliza yeye angefanya nini. Winfrida alijibu kwamba kazi yake hairuhusu kusema, na kwamba hata ingeruhusu, asingejua.

*

Ezekia alikwenda nyumbani kwa miguu, sanduku mkononi, ingawa gari la kituo lilikuwepo. Njiani alikuwa na hasira ambayo hakujua amwelekezee nani. Alifikiria kazi ya mipaka aliyoikataa Songea kwa sababu ingechukua miaka sita. Alifikiria goti, ambalo daktari alitaka kulibadilisha naye akasema ya nini. Alifikiria binti yake, Lusungu, aliyelelewa na baba ambaye kila mwaka siku ya kuzaliwa kwake mwenyewe alikuwa na uso wa mtu anayefunga mizigo.

Zaidi ya yote alifikiria sauti. Hilo hakumwambia Winfrida. Alikutana na Yusta katika upimaji wa mashamba ya Lupembe, yeye akiwa kijana mwenye darubini ya kupimia, Yusta akiwa kibarua wa kushika ile fimbo ndefu yenye namba upande wa pili wa bonde. Yusta alisimama mbali, mdogo kama kijiti, akimpigia kelele vipimo, na kila alipokosea alicheka kabla hajasahihisha, kicheko kikavuka bonde kabla ya namba. Waliendelea hivyo hata baada ya kuoana. Miaka kama minne iliyopita Ezekia aligundua kwamba anayakumbuka maneno ya mke wake yote, lakini anayasikia kwa sauti yake mwenyewe. Ndipo alipoanza kuiandika ile barua, akaichana, akaiandika tena.

Lusungu alimkuta ameketi barazani. Alikuwa na miaka ishirini na sita, msimamizi kwenye kiwanda cha nguzo za mbao, na mikono yake ilinuka utomvu wa msindano hata akioga. Alikuwa amechukua likizo wiki ile kuandaa chumba cha mama yake. Alikuwa amekipaka rangi. Alipoliona sanduku akauliza kama wameahirisha.

Ezekia alimsimulia yote, kutoka ile saba hadi vile vitanda. Lusungu alisikiliza akiwa amesimama. Baba alipomaliza, alikaa kwenye ngazi, mgongo kwa baba yake, akasema jambo ambalo alikuwa amelinyamazia wiki mbili.

"Nilimzika nikiwa na miaka minne, Baba. Hukuita mazishi, lakini mimi nilizika. Sasa nilikuwa najiandaa kumzika mara ya pili, na safari hii nikiwa nimemjua."

Ezekia alimuuliza kwa nini hakusema. Alijibu kwamba alimwona akipiga pasi.

Lori la nguzo lisilo na dereva lilipita barabarani, likapunguza mwendo lilipofika kwenye kona, likaendelea. Kisha Lusungu akageuka.

"Huyo dada alikupa namba ya kwako na ya Mama. Yangu je?"

Ezekia hakuelewa. Lusungu akamweleza, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kufundisha vibarua, kwamba dawa inaweza kuja yeye akiwa na hamsini, au sitini. Atakuwepo. Je, mtu akiuliza Mama ataamka na kukuta nani, yeye hahesabiwi?

Hapo Ezekia alilazimika kusema hofu yake. Kulikuwa na mwanamke wa Makambako aliyeamshwa miaka mitatu nyuma. Dawa yake ilipatikana, akapona kabisa. Mume alikuwa amekufa, dada zake wamekufa, na yule mama alikuwa akija kwenye geti la kituo kila asubuhi kuomba arudishwe ndani. Ezekia alimwona kwa macho yake. Aliapa kwamba Yusta hataamka mahali ambapo hakuna anayemjua.

"Nitamjua mimi," Lusungu alisema.

"Ulikuwa na miaka minne."

"Basi nifundishe. Unayo miaka kumi na sita."

Hakusema kwa ukali. Ezekia alimtazama binti yake, na akaona aibu, kwa sababu katika miaka ishirini na miwili ya kutoa moja moja hakuwahi hata siku moja kumhesabu kama mtu ambaye Yusta angeweza kumrudia. Alikuwa amemchukulia kama mtoto aliyeachwa naye, wa kuangaliwa mpaka mwenyewe arudi.

*

Jumatano alikwenda Bwenini bila sanduku, akaomba namba ya tatu. Winfrida aliitafuta mbele yake. Kwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwenye afya kama ya Lusungu, uwezekano wa dawa kupatikana angali hai ulikuwa mara nane katika kumi. Alimsomea mara mbili. Halafu, bila kuulizwa, akamwambia na upande wa pili: kwamba katika mara hizo nane, tano Ezekia hatakuwepo.

"Hiyo nimeshaitoa mwenyewe," Ezekia alisema.

Usiku wake hakumsimulia mtu jinsi ulivyokwenda. Alichomwambia Lusungu baadaye ni hiki tu: kwamba alijiuliza, akimwamsha Yusta, neno la kwanza atakalomwambia litakuwa nini. Alijaribu maneno mengi. Yote yalikuwa ya kuomba msamaha.

Alhamisi walipanda kilimani wote wawili. Timu ya kuamsha ilikuwa tayari, watu wanne wenye mavazi ya bluu, na mashine ya kupashia damu ilikuwa imeshawashwa. Ilisikika ikiunguruma kutoka chumba cha pili. Lusungu alibaki kwenye benchi la korido. Alikuwa hajaingia Bwenini tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili, siku alipomwambia baba yake kwamba hataki tena kumwangalia mtu asiyemwangalia.

Winfrida aliweka fomu mezani. Ezekia aliisoma yote, hadi maandishi madogo, kisha akairudisha na kuomba nyingine, ile ya kubadilisha mwamuzi. Winfrida alimkumbusha kwamba akishasaini hiyo hataweza tena kuagiza chochote. Hata akiugua kesho, hata akijua anakufa na akataka kumwona macho mara moja, itabidi amwombe Lusungu, na Lusungu anaweza kukataa. Ezekia alisema ndiyo maana anataka kuisaini. Alijijua. Alijua kwamba atakapofika miaka sabini na kitu, siku moja ya baridi, ataiandika tena ile barua, na safari hiyo hataichana.

Sahihi ilitoka mbovu, Winfrida akaikubali. Kwenye chumba cha pili mashine ilizimwa. Watu wa bluu walipita mmoja mmoja wakimwamkia mzee kwa adabu, wakaenda kunywa chai.

Alipotoka koridoni Lusungu alisimama. Alikuwa ameusikia ule mngurumo ukikatika, hivyo alijua, lakini alisubiri aambiwe.

"Nimekuachia mama yako," Ezekia alisema.

Lusungu aliitikia kwa kichwa. Akamshika baba yake kiwiko, na kwa namna hiyo wakateremka pamoja hadi ukumbi wa kwanza. Kwa dakika kadhaa Lusungu alitazama kila mahali isipokuwa kioo. Aliangalia bomba, akaangalia kipimo cha mapigo chenye taa iliyowaka na kuzimika polepole sana. Kisha akamtazama. Alishangaa jinsi mama yake alivyokuwa kijana. Alisema mama yake ana mikono mikubwa, kama ya kwake mwenyewe.

"Ya kushikia fimbo ya vipimo," Ezekia alisema, na akaanza kumsimulia Lupembe, lile bonde, namba zilizopigiwa kelele, na kicheko kilichotangulia. Alijaribu kuigiza. Haikutoka vizuri. Lusungu alimwomba arudie, akarudia, na mara ya tatu kulikuwa na kitu kidogo, mwishoni mwa pumzi, ambacho alikitambua, kikapotea kabla hajakishika.

Kengele ya kufunga ilipolia Lusungu alitangulia kutoka ili amwachie nafasi. Ezekia alisogea hadi kioo kikafanya ukungu kwa pumzi yake. Alimwambia Yusta kwamba kuamshwa kwake kumeahirishwa, na kwamba amemkosa sana, zaidi ya alivyoweza kueleza kwa watu wa ofisini. Akamwomba kwamba siku atakapofumbua macho asianze kumtafuta yeye. Amtafute kwanza mwanamke mwenye mikono kama ya kwake, huenda akawa na mvi, atakuwa amesimama pale pale, na atakuwa anamjua.